Kabla hujapiga Linux upya: dalili na vyanzo vyake kwenye laptopu za Mbeya na Iringa

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kabwe, Mwanjelwa na Miyomboni zimebaki njia panda. EliteBook 840 G3, ThinkPad T450, Latitude E7450: zote ni mashine imara, ila prosesa zake za Intel ni za kizazi cha tano na cha sita, na Windows 11 inataka kuanzia cha nane. Wenye nazo wengi wamehamia Ubuntu au Linux Mint, matoleo ya mfumo huria wa Linux. Wamehama na tabia yao ileile: kitu kikigoma kidogo tu, "Fundi, nipigie upya."

Kupiga upya, yaani kufuta mfumo wote na kusimika mwingine, kunafuta ushahidi. Kama diski inakufa, mfumo mpya utakufa nayo. Kama chaja ndiyo mbovu, utarudi wiki ijayo na malalamiko yaleyale. Na si bure: faili la kusimika Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, la Mint 22 ni karibu GB 3, na kwa mtu anayeishi kwa bando hiyo ni hela ya kuumiza. Dalili zilizoko hapa nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mashine ikishawekwa mezani: umeme kwanza, kisha diski, saa, mtandao, na programu mwisho. Huku kwetu mwenye kosa mara chache zaidi ni programu.

Amri zinaandikwa kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri (Ctrl+Alt+T kwa Ubuntu na Mint), na zinafaa Ubuntu, Mint na Debian.

Inawaka, halafu inaishia kwenye (initramfs)

Hii huletwa zaidi msimu wa mvua, na mzizi wake uko kwenye betri. Laptopu ya mtumba huja na betri iliyochoka, mwenye nayo anazoea kuitumia ikiwa imechomekwa muda wote. Mvua ikianza kunguruma upande wa Rungwe, umeme unakatika, na mashine inazimika papo hapo ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski.

Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Ubuntu na Mint hutumia, hutunza kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha, ndiyo maana mara nyingi ukiwasha tena hujirekebisha wenyewe na wala hujui kama palitokea kitu. Ukishindwa, unakuta kioo cheusi, maandishi meupe, na chini kabisa neno (initramfs) linakusubiri. Juu yake kuna mstari wa namna hii:

    /dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY.

Watu huona kioo cheusi wakakata tamaa, kumbe mashine imeshataja ugonjwa na dawa katika mstari mmoja. Kama maandishi yamepita, andika exit na ubonyeze Enter, yatarudi. Kisha:

    fsck -y /dev/sda2
    reboot

Jina la partisheni, yaani kipande cha diski, ni lile ulilolisoma juu. Kwenye diski za NVMe litakuwa kama /dev/nvme0n1p2. Ile -y inajibu "ndiyo" kila inapoulizwa kurekebisha. Vipande vya mafaili vilivyokosa pa kukaa utavikuta baadaye kwenye folda ya lost+found.

Kabla ya kubonyeza Enter jiulize: umeme ulikatika kweli? Kama haukukatika, na mashine imefika hapo yenyewe, usianze na fsck. Diski ndiyo mshukiwa, na kuilazimisha kufanya kazi ngumu kunaweza kuimalizia. Washa kwa flashi ya Linux, chagua kujaribu bila kusimika, nakili nyaraka zako kwenye diski nyingine, ndipo uipime:

    sudo apt install smartmontools
    sudo smartctl -a /dev/sda

Jedwali litakuwa refu, wewe tafuta mistari mitatu. Namba 5, Reallocated_Sector_Ct, na namba 197, Current_Pending_Sector: safu ya mwisho ya mistari hiyo inatakiwa iwe sifuri. Ikiwa na namba inayopanda kila ukipima, diski inaondoka, tafuta nyingine. Ya tatu ni 199, UDMA_CRC_Error_Count. Hii ikipanda huku zile mbili ziko sifuri, usinunue diski: kosa liko kwenye waya au kiunganishi kati ya diski na ubao. Fungua, chomoa, safisha, chomeka vizuri. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa ajili ya kiunganishi kilicholegea barabarani.

Ndugu yake (initramfs) ni kioo kinachosema "You are in emergency mode". Hapa diski kuu huwa nzima. Mashine inatafuta kitu kilichoandikwa kwenye faili la /etc/fstab na haikioni, aghalabu diski ya pili iliyowahi kuwekwa mahali pa DVD kisha ikatolewa. Dalili yake ya mapema ni kusubiri sekunde 90 kila ukiwasha. Ingia kwa Enter, au kwa neno la siri likiombwa, fungua faili hilo kwa sudo nano /etc/fstab, weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wa diski isiyokuwepo. Kama diski hiyo huwa unaichomeka mara mojamoja, ongeza neno nofail baada ya defaults na mkato, bila nafasi katikati.

Umeme ulikatika katikati ya kusasisha

Hapa mfumo unawaka, lakini kila ukitaka kusimika kitu unaambiwa "dpkg was interrupted". Amri mbili, kwa mpangilio huu:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt --fix-broken install

Ukiambiwa badala yake "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", maana yake mara nyingi ni ndogo: masasisho ya usalama yanaendelea yenyewe nyuma ya pazia. Nenda kanywe chai urudi. Ushauri wa kufuta faili la lock unazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na ndio unaoharibu mashine iliyokuwa nzima.

Kama kilichokatika ni usimikaji wa kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, mashine inaweza isiwake kabisa. Shikilia Shift wakati wa kuwasha, au Esc kwa mashine za UEFI, menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itatokea. Ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani, kisha endesha zile amri mbili. Njia hiyohiyo ndiyo dawa ya kioo kuwa cheusi baada ya masasisho yaliyoisha salama, hasa kwa wenye kadi za NVIDIA. Kerneli ya zamani haikuwekwa pale kwa urembo.

Betri inaonyesha asilimia 40, mara zii

Usimlaumu mtu wa programu. Angalia:

    upower -i $(upower -e | grep BAT)

Linganisha energy-full-design, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na energy-full, uwezo uliobaki. Ikiwa ya kwanza ni 48 Wh na ya pili ni 15, asilimia 100 unayoiona ni asilimia 100 ya 15. Ukienda kununua nyingine, nenda na laptopu. Iweke betri hapohapo dukani, endesha amri hiyo, soma ndipo ulipe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Anayeikalisha kwenye umeme siku nzima asimike tlp, programu ya kusimamia umeme, na, kama ni ThinkPad, aweke kwenye /etc/tlp.conf:

    START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
    STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa imejaa pomoni kila saa. Asilimia 80 inatosha kukuvusha umeme ukikatika, uhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, na hapo habari za (initramfs) unazipunguza sana.

Imekuwa nzito ghafla

Neno "ghafla" ndilo la kushika. Mashine iliyokuwa nzito tangu siku ya kwanza ina shida moja, iliyolemewa jana ina nyingine.

Kwa Dell, anza na chaja. Chaja zake zina kipini katikati kinachoitambulisha kwa mashine. Kipini kikipinda, au ukinunua chaja ya bei poa isiyo na utambulisho huo, laptopu inawaka, lakini inakataa kuchaji betri na inaibana prosesa itembee kwa mwendo wa kobe. Mwenye nayo anasema Linux ni nzito. Chunguza hivi:

    grep MHz /proc/cpuinfo

Fungua kurasa kadhaa za kivinjari, rudia amri. Kama namba zimegota chini, 800 au pungufu, na hazipandi hata mashine ikifanya kazi, chomoa chaja utumie betri. Zikipanda, umempata mwizi. Ukiwasha upya, kioo cha mwanzo cha Dell nacho husema kwamba aina ya chaja haitambuliki, ila watu hubonyeza kitufe wakapita bila kusoma.

Chaja ikiwa safi, pima joto kwa kusimika lm-sensors na kuandika sensors. Wengi hawaamini kwamba laptopu inaweza kuchemka Mbeya au Makambako mwezi wa Juni, watu tumevaa makoti. Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu wafanyie kazi kitandani, laptopu juu ya blanketi, matundu ya chini yamezibwa. Kiangazi vumbi linafuata na kutengeneza zulia kati ya feni na mapezi ya shaba. Tena mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu ya ilivyobeba pwani. Prosesa ikiwa nyuzi 90 na zaidi huku hufanyi lolote la maana, fungua, ondoa vumbi kwa brashi laini, badilisha pesti ya prosesa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Wa Njombe na Mafinga wana lao la ziada. Laptopu ikisafirishwa kwenye bodaboda asubuhi ya baridi kali, ukaiingiza kwenye chumba chenye moto, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji ndani yake. Iache kwenye begi mpaka ipate joto la chumba ndipo uiwashe.

Nzito tangu siku ya kwanza

Andika free -h. Kwa RAM ya GB 4, Ubuntu yenye GNOME (muonekano wake wa madirisha) na kivinjari chenye kurasa kumi ni mzigo. Mint ya Xfce, muonekano mwepesi, inapumua vizuri zaidi, na zram inasaidia kwa kuibana kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe:

    sudo apt install zram-tools

Lakini kama bado unatumia diski ya kuzunguka, usipoteze muda na vijanja vya programu. SSD ya GB 240 ndiyo dawa, hata iwe ya kawaida.

Ikiganda kabisa, usishikilie kitufe cha kuzima. Shikilia Alt na SysRq (kwenye kibodi nyingi ni PrtSc), kisha bonyeza S, U, B ukipumzika kidogo kati ya herufi. Mashine itamalizia kuandika kwenye diski, itaifunga, itawaka upya.

Tovuti moja inafunguka, nyingine inasema muunganisho si salama

Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikuja na hii baada ya likizo ndefu. "Fundi, shikamoo ya bando nimeshaitoa, imeliwa lote na bado haifungui," alianza, tukacheka. Barua pepe ilikuwa inafunguka, tovuti nyingine zinakataa, na apt inasema "Release file is not valid yet". Ameshaambiwa ni virusi. Nilimwomba asome tarehe kwenye kona ya kioo chake mwenyewe. Ilikuwa ya wiki ya kufunga shule.

Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya volti 3, mara nyingi CR2032 iliyofungwa plastiki na nyaya mbili, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, saa ya ubao hurudi miaka ya nyuma kabisa. Linux haikubali kurudi huko: hushika tarehe ya mwisho iliyoihifadhi na kuendelea kutoka hapo. Ndiyo maana hukuti mwaka 2010 kwenye kioo ukashtuka, unakuta tarehe iliyochelewa wiki kadhaa, ambayo jicho linaipita. Vyeti vya usalama vya tovuti vilivyotolewa ndani ya wiki hizo vinaonekana ni vya kesho, vinakataliwa. Vya zamani vinapita.

Kwa kawaida saa hujirekebisha ikipata mtandao. Kwa mwalimu haikujirekebisha kwa sababu kuna mtu aliwahi kuiweka kwa mkono, na ili kufanya hivyo alizima urekebishaji wa mtandao akaacha hivyo. Iwashe:

    sudo timedatectl set-ntp true
    timedatectl

Mtandao wa taasisi nao huweza kuziba njia ya saa. Jaribu kwa data ya simu yako kabla ya kuhukumu. Betri ya CR2032 badilisha ukipata nafasi, na uangalie kichwa cha waya kabla ya kununua, maana si vyote vinaingiliana.

Mwenye Windows na Linux pamoja ana kisa kingine cha saa: ni saa nne asubuhi, Windows inasema saa moja. Linux huiandika saa ya ubao kwa saa ya dunia, UTC, na Tanzania iko saa tatu mbele yake. Windows huisoma kama saa ya hapa. Amri moja inawapatanisha:

    timedatectl set-local-rtc 1

Wi-Fi haionekani kabisa

Kwanza pata mtandao wa kufanyia kazi. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki mtandao kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao bila kudai draiva yoyote. Hii peke yake imeokoa safari nyingi za kurudi mjini.

Kisha:

    rfkill list
    lspci -nnk | grep -A3 Network

Ya kwanza ikisema "Hard blocked: yes", ni kitufe cha ndege au swichi ya pembeni, hasa kwenye HP. Ikisema "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock all. Ya pili inataja jina la kadi. Intel karibu zote hufanya kazi zenyewe. Broadcom, kwa mfano BCM43142, inataka kifurushi cha bcmwl-kernel-source kwa Ubuntu na Mint. Realtek kama RTL8821CE kwenye HP za bei nafuu ndiyo yenye visirani, na kwa hiyo ushauri wangu ni kusimika kerneli mpya zaidi kwanza kabla ya kuhangaika na draiva za mitaani.

Ukisimika draiva, ikakubali, na Wi-Fi bado haipo, angalia mokutil --sb-state. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli hukataa draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Ule ukurasa wa bluu uliotokea ulipowasha upya, ukaupita haraka, ndio uliokuwa unakuuliza kuikubali sahihi hiyo. Rudia usimikaji, weka neno la siri, na safari hii chagua "Enroll MOK".

Modemu za USB za Huawei zina tabia ya kujionyesha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Simika usb-modeswitch, chomoa, chomeka, subiri kidogo. Ikibaki CD, jaribu tundu jingine la USB, kwa maana tundu lililochoka halitoi umeme wa kutosha kwa modemu.

Bando linaisha bila kufanya kitu

Malalamiko haya ni ya haki. Ubuntu imetengenezwa na watu wenye intaneti isiyopimwa: vifurushi vya snap hujisasisha vyenyewe, Firefox ya Ubuntu ni snap, na masasisho ya usalama hushuka kimyakimya. Tuambie mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo:

    nmcli connection show
    nmcli connection modify "JINA" connection.metered yes
    sudo snap set system refresh.metered=hold

JINA ni la mtandao wako kama ulivyotajwa na amri ya kwanza. Katisha muunganisho kisha uunganishe upya. Kwa hotspoti ya Android huwa inabashiri yenyewe, ila usitegemee ubashiri kwenye hela yako. Ukitaka kujua nani anakula, sudo nethogs inaonyesha kila programu na kiasi inachovuta sasa hivi.

Hii haina maana usisasishe. Panga siku, nunua bando la usiku, fanya sudo apt update na sudo apt upgrade kwa mara moja, na laptopu iwe na betri ya kueleweka. Mafaili makubwa yashushe kwa wget -c, yakikatika yanaendelea pale yalipofika. Faili la kusimikia mfumo lazima ulihakiki kwa sha256sum, na namba zake zifanane na zile za kwenye tovuti ya watengenezaji. Likiwa limeharibika, usimikaji unaweza kufa katikati na lawama zinaiendea diski.

Inakataa neno la siri ambalo ni sahihi

Unaliandika, kioo kinafumba, kinarudi palepale. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, andika df -h. Partisheni ya / ikiwa asilimia 100, hapana nafasi hata ya kufungulia kipindi chako. Punguza:

    sudo apt clean
    sudo apt autoremove
    sudo journalctl --vacuum-size=100M

Nafasi ikiwa tele, andika ls -l ~/.Xauthority. Likionyesha mwenye faili ni root, kuna siku uliendesha programu ya madirisha kwa sudo. Lifute kwa sudo rm ~/.Xauthority, rudi kwa Ctrl+Alt+F1 au F2, utaingia.

Flashi na stesheneri

Flashi au diski inafunguka ila haikubali kuandikwa: mara nyingi ni NTFS iliyotoka kwenye Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu, kwa sababu ya ule uwashaji wake wa haraka. Kwenye Windows zima uwashaji huo kwa powercfg /h off, kisha izime vizuri. Kama Windows haipo karibu, sudo ntfsfix -d /dev/sdb1 itaondoa alama ya uchafu.

Flashi iliyorudi kutoka stesheneri ikiwa imejaa njia za mkato badala ya mafaili haijapoteza kitu. Kirusi kimeyaficha tu, na Linux huyaonyesha, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Yatoe humo, futa vyote vinavyoishia na .lnk na .vbs. Laptopu yako haidhuriki, lakini flashi itaambukizwa tena ukirudi kwenye kompyuta ileile.

Flashi ya "GB 128" ya barabarani inayopokea mafaili na kuyarudisha yameharibika ni feki. Simika f3, endesha f3write kisha f3read kwenye flashi hiyo, utaambiwa ujazo wake wa kweli. Fanya hivyo kabla ya kuipa utafiti wako wote.

Na utafiti wenyewe: kurasa zikihama ukipeleka faili la docx, chanzo ni fonti. Vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea vina herufi zenye upana sawa na Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwa kuchapa, toa PDF tu. Printa ya HP LaserJet P1102 inakubali baada ya kuendesha hp-plugin ukiwa na mtandao. Canon LBP2900 ina draiva ngumu kiasi kwamba PDF kwenye flashi ni nafuu kuliko jioni nzima ya kupambana nayo.

Sauti imepotea

Kabla ya lolote, fungua mipangilio ya sauti uone kama imechaguliwa HDMI. Kama umeandikiwa "Dummy Output":

    systemctl --user restart pipewire wireplumber

Ikigoma, washa kwa kerneli nyingine kupitia GRUB kama ilivyoelezwa juu.

Lini upige upya kweli

Toleo lako likiwa limeisha muda, kama Ubuntu 20.04 ambayo huduma yake ya kawaida iliishia Mei 2025, na diski imepita kipimo cha smartctl. Au ukiwa umebadilisha diski. Hapo tenga partisheni ya /home peke yake, ili safari nyingine ubadilishe mfumo bila kugusa nyaraka. Kama programu ya usimikaji haiioni diski kabisa, ingia BIOS, tafuta hali ya SATA iliyoandikwa RAID au Intel RST, iweke AHCI. Mwenye Windows humohumo asibadilishe kabla ya kuiamuru iwake kwa hali salama mara ya kwanza, na kama ina BitLocker awe na ufunguo wa kuokolea mkononi, umeandikwa kwenye karatasi.